Nilibandika karatasi ya fedha kwenye bati ili mke wangu arudi, nusura nimkose kabisa

Wakuu, salaam kwenu. Na vijana mliokuwa mnajiandaa kutoa shikamoo, nimeshaipokea: marahaba, kaeni.

Mimi ni mkubwa kuliko jukwaa hili, kuliko simu ninayoandikia, na kuliko bendera ya taifa. Nikisema "wakati wa Mwingereza" sikuhadithiwa. Nilikuwepo, tena nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Nitakayoandika ni kweli, na aliyezaliwa baada ya uhuru asinibishie.

Kilichonifanya nifungue uzi ni kijana mmoja kule kwenye jukwaa la ujenzi. Juzi kalalamika kwamba kaweka foil, ile karatasi inayong'aa kama fedha, chini ya bati, fundi kaibandika ikashikana na bati "mpaka sindano haipiti", na nyumba bado inachemka. Mmoja akamwambia anunue AC. Mwingine akamshauri ahamie Njombe. Hakuna aliyemwonyesha kosa liko wapi.

Mdogo wangu, kosa hilo nililifanya kabla babu yako hajaoa. Sogea hapa.

Enzi hizo nilikuwa fundi cherehani Tabora mjini, kwenye baraza la duka moja la jumla. Tulikuwa wawili pale barazani, mimi na rafiki yangu Sudi. Kila mtu na cherehani yake, na kazi ya pili ya Sudi ilikuwa kunicheka.

Sijisifu, ila koti langu lilikuwa halina mkunjo. Bitana niliilaza na kuipiga pasi mpaka ukadhani imezaliwa pamoja na koti. Ustadi huo wa bitana ndio ulioniponza, mtaona.

Nikachumbia binti wa Tura, ile stesheni ya mashariki ukiwa unakwenda na treni ya Dar. Jina lake Zena. Nilimpenda mpaka nikawa nakosea vipimo vya wateja. Kuna mzee mmoja alivaa suruali yenye mguu mmoja mfupi msimu mzima kwa sababu ya mapenzi yangu.

Baba yake alikwisha fariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa mama yake, Bi Nyamizi. Bibi huyu alitoka ukoo wa wapagazi wa misafara, na kila neno alilianzia hapo. Babu yake alibeba pembe za ndovu kichwani hadi pwani, akarudi na nguo na shanga, sasa nani huyo wa kumlaza binti yake kwenye nyasi?

Sharti likawa moja. Nyumba iwe ya bati.

Bati siku hizo lilikuwa heshima, wakuu. Mtu akiezeka bati, majirani walibadili njia ya kwenda kisimani ili wapite kuliangalia. Nikajenga mtaa wa Ng'ambo nyumba ya udongo, sebule na chumba, bati juu, tena nikaliweka chini chini ili kupunguza matofali. Dari hakuna. Tukaoana wakati wa kipupwe na maisha yakawa matamu.

Halafu ukaingia mwezi wa kumi.

Mliokaa Tabora hamna haja ya maelezo. Samli ikawa maji ndani ya kopo. Kipande cha sabuni kikalala hakikuinuka tena. Mjusi aliyekuwa akiishi ukutani alihama bila kuaga. Zena alikuwa na mtetea mmoja mweupe, naye akawa haingii ndani mpaka jua lizame.

Na Zena mwenyewe akafuata mfano wa kuku. Anapika nje, anakula nje, mchana kutwa anashinda kwa jirani mwenye nyumba ya nyasi.

Sudi akanitolea uvivu. "Fundi, watu wanaoa ili wakae na mke. Wewe umeoa ili jirani akae naye."

Nikacheka, lakini sikufurahi.

Siku moja nikarudi nikamkuta Zena kafunga kitenge chake cha safari. Hakugomba. Alisema tu, "Mume wangu, mimi nimekupenda wewe. Hii sufuria sikuipenda." Akapanda treni kwenda kwao Tura, kwenye nyumba ya tembe yenye paa la udongo, ambako hata mwezi wa kumi mtu anajifunika shuka.

Haukupita muda shemeji yangu, kaka yake Zena, akashuka na treni akiwa na ujumbe.

"Shemeji, mama anakuja mwenyewe. Atakaa ndani ya nyumba yako toka adhuhuri mpaka alasiri. Akiweza kukaa, Zena anarudi. Akishindwa, tunaitisha kikao cha kurudisha mahari."

"Lakini bati si alilitaka yeye?"

"Alilitaka. Anasema hakukutuma umwoke binti yake."

Wakuu, mimi nilikuwa kijana na kiburi changu, lakini shemeji alipoondoka nilikaa kwenye kizingiti nikahisi machozi. Kurudisha mahari maana yake ndoa imekwisha, na mimi bila Zena sikuwa hata na hamu ya kutia uzi kwenye sindano.

Ngoja niweke jambo moja hapa pembeni kwa ajili ya vijana, maana bila hilo hamtaelewa mbele.

Siku hizi mnakumbatiana na wakwe na kupiga nao selfie. Kwetu wakati ule mwanamume hakutazamana na mama mkwe wake. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hamli pamoja, hamsemeshani uso kwa uso, na akiwa ndani ya nyumba wewe uko nje, hata kama nyumba ni yako. Ni heshima, na wala si ugomvi. Wenye utani ni bibi na wajukuu. Mkwe ni wa kuogopwa.

Basi turudi kwenye bati.

Nikiwa barazani nawaza, mwenye duka alikuwa amefungua kasha la chai. Yale makasha ya mbao yalikuwa na karatasi ya fedha ndani, upande mmoja inang'aa, upande mwingine ni karatasi ya kawaida. Akaitupa juani. Mwanga ukaruka ukanipiga jicho mpaka nikashona kidole.

Nikanyonya kidole huku nafikiri. Kama karatasi hii inalirudisha jua kwenye jicho langu, itashindwaje kulirudisha juani kwenyewe?

Nikaomba makaratasi yote ya makasha, nikapewa, maana yalikuwa ya kutupwa. Nikapika gundi ya unga wa muhogo, sufuria nzima. Nikapanda juu ya meza nikaanza kubandika chini ya bati, uso unaong'aa ukiangalia juu, ukagusana na bati lenyewe.

Hapo ndipo ufundi cherehani ulipoingia. Bati lina mabonde na vilima, si ndiyo? Mimi nikaifuata karatasi bonde kwa bonde na mgongo wa kijiko, nikaisukuma, nikailainisha, nikatoa hewa yote. Palipokuwa na mkunjo nilibandua nikabandika upya. Sebule nzima na chumba kizima. Shingo ilikaa upande mpaka nikawa namsalimia mtu nikitazama mawinguni.

Sudi akaja kukagua. Akainua kichwa, akazunguka, akashindwa hata kunitania. "Fundi, hii ni bitana. Hii nyumba ingeweza kuvaliwa Idi."

Kesho yake mchana nikaingia ndani kifua mbele.

Joto lilikuwa lile lile. Tofauti ni kwamba sasa lilinuka muhogo.

Nikagusa ile karatasi kwa kiganja, nikauondoa mkono haraka. Bati lilikuwa limeipa karatasi moto wake wote, mkono kwa mkono, na karatasi ikanipa mimi. Ule mng'ao wote ulikuwa umefukiwa kwenye gundi, haumwoni mtu wala hauonekani.

Nikafanya nini? Nikaongeza gundi. Nilidhani haijashikana vya kutosha.

Muhogo haupendi kupikwa mara mbili. Gundi ikakauka, ikapasuka, na upande mmoja wa chumbani karatasi ikabanduka. Haikuanguka kabisa, ilinaswa na misumari ya papi, zile mbao zinazoshika bati, ikabaki inaning'inia, shubiri moja chini ya bati, imejaa mikunjo. Nilipoiona nilitukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kinyamwezi.

Siku ile ile, jua likiwa kali, yule mtetea mweupe akaingia ndani.

Nikamshangaa. Akapita sebuleni akikimbia, akaingia chumbani, akalala moja kwa moja chini ya ile sehemu mbovu. Nikajua anafuata makombo ya gundi. Nikamwinua nikampeleka sebuleni, penye bitana safi. Akarudi. Nikamtoa tena. Akarudi tena, safari hii akiwa na hasira, akanidonoa.

Nikaona haya ni mashindano, nikachuchumaa pale pale alipo nimwulize ana nini.

Wakuu, palikuwa baridi.

Sisemi baridi ya Mbeya. Nasema palikuwa na ubaridi wa kivulini, wakati hatua chache pembeni utosi ulikuwa unaungua. Nikapanda mezani nikaigusa ile karatasi iliyoning'inia. Ilikuwa vuguvugu tu. Nikaigusa ile iliyoshikana. Nikaunguza kiganja kile kile cha jana.

Nilikaa mezani nikajicheka kwa uchungu. Kioo ukikibandika puani huoni uso wako, si mpaka ukisogeze? Karatasi inayong'aa nayo inataka nafasi mbele yake. Ikiachana na bati, joto la bati linashuka kwa mng'ao linakutana na uso wa fedha, linarudishwa huko huko, na ule moto wa kugusana haupo kwa sababu katikati kuna hewa. Ikishikana, fedha yake haina kazi, ni sawa na kuongeza bati juu ya bati. Siri haikuwa karatasi peke yake. Ilikuwa karatasi pamoja na lile pengo ambalo mimi nililiziba kwa kijiko.

Nikaanza kubandua. Nikakata fito, nikazifunga chini ya papi kwa uzi wa kushonea makoti, nikalaza karatasi juu ya fito, uso wa fedha juu, iachane na bati kiasi cha shubiri. Kwenye kona za juu za ukuta nikatoboa matundu ili hewa ya moto itoke. Nikaanza na chumbani, kwa vile ndiko tunakolala, na nikamaliza chumba.

Nilipokuwa nahamia sebuleni, nikasikia sauti ya shemeji nje anabisha hodi. Treni ilikuwa imewahi. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

Nikatokea mlango wa uani kama mwizi, nyundo mkononi.

Shemeji akamkaribisha mama yake sebuleni, akamwekea kiti changu kizuri, chini ya bitana yangu nzuri inayochoma. Halafu akaaga anakwenda mtaa wa Kanyenye kusalimia rafiki zake. Nikamwita kwa mkono toka nyuma ya jiko, hakuniona, akaenda zake akipiga mluzi.

Basi hali ikawa hivi. Mama mkwe yuko ndani peke yake, sehemu ya moto. Sehemu ya baridi iko nyuma ya pazia tu. Mimi niko nje nyuma ya ukuta na siruhusiwi kumsemesha. Sudi yuko kazini. Niliye naye ni kuku.

Nikamtazama kuku. Kuku akanitazama.

"We kuku!" nikasema kwa sauti kubwa. "Shikamoo!"

Ndani kiti kikalia kwa kugeuzwa. Kisha nikasikia, "We mtungi! Marahaba."

Nikashusha pumzi. Mama alikuwa anaijua njia hiyo ya wakwe kupitishiana maneno kwa kukisemesha kitu kingine.

"We kuku, mbona unakaa sebuleni penye moto? Kule chumbani karatasi imeachana na bati, kuna ubaridi. Nenda chumbani upumzike, kuku wangu, nakuomba."

"We mtungi," sauti ikajibu, nzito, "hebu nisikie vizuri. Toka lini mkwe akaingia chumba cha binti yake na mumewe, akakaa penye kitanda chao? Huko mjini ndivyo mnavyofundishana?"

Nikapiga paji la uso. Heshima ile ile! Nyumba yenye sehemu mbili, na ubaridi wote nimeuweka penye mwiko.

"We mtungi," akaendelea, "watu wa kwetu walitembea na jua mpaka pwani, hawakulia. Lakini jioni walilala kivulini. Hawakulala ndani ya chungu."

Nikamsikia anajipepea kwa ukingo wa kanga. Nikamsikia anaguna. Nikaona ndoa yangu inaondoka na treni.

Hapo adhana ya adhuhuri ikasikika, na mama akatoka uani kutia udhu.

Nikazunguka nyumba upande wa pili mbio mbio, nikaingia kwa mlango wa mbele. Kitanda chetu kilikuwa cha kamba, ila kilitengenezwa na fundi asiyependa ubahili, mbao nene. Nikakiinua chote na godoro lake la pamba, nikakiweka kichwani, nikatoka nacho kwa kupiga magoti mlangoni. Nikakitua katikati ya njia, juani, mchana kweupe. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama. Mmoja akatua ndoo ili aangalie vizuri.

Nikarudi kutandika mkeka, nikachungulia, nikasikia kandambili za mama zinakuja, nikaruka dirisha.

"We kuku!" nikapiga kelele, pumzi hazinitoshi. "Kile si chumba tena! Hakina kitanda! Ni ukumbi! Kitanda kiko barabarani, atakaye na akakione!"

Nikasikia hatua zinakwenda mlango wa mbele, zinasimama.

Halafu nikasikia kicheko. Nilikuwa sijawahi kumsikia Bi Nyamizi akicheka, na nadhani hata yeye alikuwa amesahau, kwa sababu kilianza kwa kukwaruza. Alicheka mpaka akashika mlango.

"We mtungi," akasema alipopumzika, "kweli huu ni ukumbi."

Akaingia, akaswali, akajinyoosha kwenye mkeka chini ya karatasi yenye mikunjo. Mimi nikasubiri nyuma ya ukuta nikiomba dua. Baada ya kitambo nikasikia mkoromo. Nimesikia treni za mizigo zikipanda mlima, wakuu, lakini ule ulikuwa mkoromo wa haki. Alasiri ikaingia, ikapita. Shemeji akarudi kumchukua, akamwita, hakuamka. Treni ya Tura ikapiga honi ikaondoka bila wao.

Alipoamka maneno yake kwa mtungi yalikuwa machache. "Mwanangu aletwe."

Shemeji akapanda treni iliyofuata kwenda Tura, akarudi na Zena. Alipoona kitanda nimekihamishia nje ya jiko na mimi nimekaa juu yake, alicheka akalia kwa pamoja, na mimi vile vile. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Hapo mnadhani uzi umekwisha. Ngojeni.

Mama mkwe hakuondoka.

Akasema Tura pana joto. Tura, penye tembe! Akasema mgongo umepata nafuu. Akasema ukumbi una hewa. Na wakwe hawakai pamoja, si mnakumbuka? Kwa hiyo wao wawili wakawa ndani kwenye ubaridi nilioutengeneza kwa shingo yangu, na mimi nikalala kwenye kibanda cha jiko, nilichokiezeka kwa vipande vya bati vilivyobaki. Bila karatasi. Zena ananiletea chakula, ananipepea kidogo, anarudi ndani kwa mama yake.

Sudi aliumwa mbavu kwa kicheko, akakosa kazi siku nzima.

Kilichoniokoa ni mvua. Mvua ya kwanza ilipolipiga lile bati, mama aliamka akidhani kuna ngoma. Karatasi ya fedha hairudishi kelele, wakuu, msidanganyane. Asubuhi akasema hawezi kuishi ndani ya debe, akapanda treni, na mimi nikaingiza kitanda changu.

Sasa fundisho, hasa kwa yule kijana wa foil.

Mwambie fundi wako abandue. Foil isiguse bati. Iachie nafasi, hata shubiri moja inatosha, na uso unaong'aa uangalie hiyo nafasi. Weka upenyo hewa ya moto itoke. Usijali mikunjo, dari haizuii joto kwa urembo. Na kumbuka uso unaoangalia juu hushika vumbi, na ukishajaa vumbi unalala kazini. Mimi nilikuwa naufuta kila mwaka kabla ya mwezi wa kumi.

Nilitaka kuishia hapa, lakini Zena kakaa pembeni yangu na miwani yake, anasoma kila ninachoandika. Anasema mama yake hakuwa anakoroma hivyo, nimezidisha.

Pia anasema nisahihishe jambo moja kubwa. Anasema nisiwadanganye watu kwamba alirudi kwa ajili ya karatasi. Kaka yake alipofika Tura alianza kusimulia habari za ubaridi, na yeye hakuwa anasikiliza. Aliposikia mumewe kabeba kitanda chao kichwani akakitua barabarani, mbele ya wanawake wa kisimani, akaanza kufunga mzigo kabla hadithi haijaisha.

Miaka yote hii nimekuwa nikiisifia karatasi ya chai, na hajawahi kuniambia.

Haya, uwanja ni wenu. Mliobandika foil kwenye bati njooni mkiri. Wenye mama mkwe ambaye hajaondoka mpaka leo, njooni nanyi, kibanda cha jiko kina nafasi.